Mkono Kwanza, Chuma Baadaye

Jumatatu asubuhi bunduki ya Mzee Lobo ilirudi mezani kwa Chacha kwa mara ya tatu, na safari hii mzee aliingia bila utani wake wa kawaida.

"Imegoma tena," alisema, akailaza juu ya gunia lililotandikwa mezani. "Mbele ya watu, Chacha. Nimefyatua, nimevuta bolti, ganda limebaki limelala mle ndani kama mgeni asiyetaka kuaga. Nimelichokoa kwa kidole. Wenzangu wakaangalia pembeni."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shikamoo haitengenezi bunduki."

Karakana yao ilikuwa Jacobs, mtaa wa viwanda mjini Durban, imebanwa na kiwanda cha rangi upande huu na cha sabuni upande ule, na mwaka huo wa tisini na nane hapakuwa na fundi bunduki ambaye wakulima wa miwa walimwamini kumshinda Mzee Lobo. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Tanga, aliyehamia Durban na mkewe na kumzika huko huko. Chacha alitoka Tarime. Aliajiriwa kufagia, hadi siku mzee alipomsikia akimtukana panya kwa Kiswahili nyuma ya kabati. Mzee alitupa chini tupa aliyokuwa nayo, akaja kumkumbatia huku akicheka mpaka machozi. Tangu hapo ufagio ukapata mtu mwingine, na Chacha akapata ufundi na baba.

Ndiyo maana maneno ya asubuhi ile yalimchoma.

Si kwamba alikuwa hajafanya kitu. Bunduki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya marehemu baba yake mzee, na namna yake ya kutema ganda ni rahisi kueleza. Kwenye bolti, kile chuma kinachovutwa nyuma kwa kitasa, kuna ukucha unaoshika ganda na kulivuta nje. Bolti ikifika nyuma kabisa, kichuma kilichosimama kando hulipiga ganda kwenye tako, nalo huruka nje. Basi. Mara ya kwanza Chacha alisafisha masizi yote. Mara ya pili alibadilisha ukucha na springi ya kile kichuma. Kila alipomaliza alitia risasi bandia, akavuta, na ganda likaruka hadi kwenye debe la mafuta ukutani: kong'! Akaifuta na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Kila Jumamosi, kwenye klabu ya kulenga shabaha, ikamwaibisha mwenyewe.

"Jumamosi hii ikigoma," mzee alisema akivua kofia, "naipeleka polisi ikayeyushwe. Sitaki kufanywa kichekesho uzeeni na bunduki ya baba yangu."

Na Mzee Lobo hakuwa mtu wa kutishia nyau. Akisema atayeyusha, atayeyusha, kisha atalia peke yake.

Jioni Chacha alifika nyumbani South Beach na uso wa msiba. Mkewe Cathy, msusi, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa anakaanga samaki. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwako inatoka, kwa Papa Lobo haitoki," alisema. "Na mkono yake iko aje?"

"Mkono gani?"

"Eish, Chacha! Siku ile alikuja kula hapa. Kikombe alishika na mikono mbili. Nyama ni mimi nilimukatia. Weye haukuona?"

Chacha alikuwa ameona, tena vizuri. Ila palepale aligeuza uso dirishani, akaanza kusifia bahari, kwa sababu kwao mtoto mwenye adabu hamkodolei macho baba yake anaposhindwa jambo. Hugeuka, akajifanya anatafuta kitu. Adabu nzuri sana hiyo, na mimi siibezi. Lakini fundi akigeuza uso, nani atabaki kutazama?

Hapo ndipo alipomkumbuka yule mkulima wa Stanger, pande la mtu, aliyeleta bunduki yenye ugonjwa huo huo. Mzee Lobo hakugusa hata bisibisi. Alimpa mteja risasi bandia, akamwambia avute, akamtazama. Jitu lile lilivuta bolti taratibu kama linafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. "Vuta kama una hasira," mzee akamwambia, na ganda likaruka. Maana kichuma kile hakina nguvu yake chenyewe, hukopa nguvu ya mkono unaovuta. Mteja alipoondoka, mzee alisema neno alilolirudia miaka yote: "Mkono kwanza, chuma baadaye. Usimrudishie mtu bunduki kabla hajaijaribu kwa mkono wake, mbele ya macho yako."

Chacha alikuwa akiishika kanuni hiyo kwa kila mteja. Kwa mzee mwenyewe tu aliiacha, kwa heshima.

Asubuhi alifika mapema, akaweka kiti upande wa wateja. Mzee alipoingia, Chacha alikuwa amesimama upande wa fundi na risasi bandia mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Karibu, mteja."

"Marahaba. Leo unanichezea?"

"Hapana. Naomba uvute, nione."

Mzee Lobo alikitazama kile kiti kwa muda. Halafu akakaa. Alishika kitasa cha bolti kwa vidole viwili na gumba, akakiinua, na mkono ukaanza kutetemeka tangu kiwikoni. Bolti ilirudi nyuma kwa kujikokota. Ganda likaguswa, likapinduka kidogo, likalala. Akajaribu tena. Likalala. Mara ya tatu aliuma meno, na bolti ikasimama katikati ya safari.

Chacha hakugeuza uso. Shingo ilitaka, macho yalitaka, akayalazimisha.

"Ukucha umelegea," mzee alisema.

Nje malori yalisimama kwenye robot, taa za barabarani, yakanguruma. Kusema "ndiyo, Mzee, umelegea" kulikuwa rahisi mno. Jumamosi ingefika, wazee wa klabu wangeangalia pembeni tena, na bunduki ingekwenda kuyeyushwa kwa kosa lisilo lake. Na mkono ule ungeendelea kufa bila mtu wa kuusemea. Chacha alimpenda mzee huyu, na kwa mara ya kwanza mapenzi hayo yalimtia hofu.

"Ukucha ni mzima, Mzee," alisema. "Ni mkono."

Mzee aliiweka bunduki mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Mimi tangu Pasaka." Aliutazama mkono wake ukitulia juu ya goti. "Nilikuletea mara tatu, mwanangu, nikiomba Mungu uone kosa kwenye chuma. Chuma nakiweza. Huu mkono sijui unafunguliwa wapi."

Chacha alizunguka meza, akachuchumaa mbele yake. Alimwambia kwamba angeweza kusugua njia ya bolti iteleze, akarefusha na kitasa, kidogo tu.

"Usiiguse. Bunduki nzima haichongwi kwa ajili ya mkono mbovu."

"Basi mkono twende nao kwa daktari. Mimi na Cathy tutakupeleka."

"Alhamisi," mzee alisema. "Lakini Jumamosi napiga shabaha."

Na alipiga. Alilala kifudifudi kwenye mkeka wake, bunduki imeegemea mfuko wa mchanga, na Chacha amelala upande wake wa kulia. Msimamizi wa uwanja alikuja kuuliza huyu ni nani. Mzee akamjibu kuwa ni fundi wake, na kwamba leo bunduki moja itapigwa na watu wawili. Msimamizi alifikiri kidogo, akapisha. Kufyatua kunataka pumzi na kidole kimoja, na hivyo Mzee Lobo alikuwa navyo bado.

Akafyatua. Mkono wake ukaanza kuondoka taratibu, unatetemeka, mbele ya klabu nzima. Chacha aliusubiri, akiutazama, mpaka ukatoka njiani. Kisha akavuta bolti, na ganda likaruka juu ya kofia ya jirani.

"Taratibu bwana wee," mzee alinong'ona, macho yamemlowa. "Utamtoboa mtu jicho."

Safari hii hakuna aliyeangalia pembeni.