Gauni la Fundi Hushonwa Mwisho

…smati, amesema smati, na si kwa kumridhisha mteja wangu, Theodory amesema taratibu huku anafuta kioo cha pikipiki yake, "Imani, leo umetoka smati," naye akacheka kidogo, "asante, shemeji," na mimi niko hapahapa kibarazani nyuma ya cherehani, mkewe wa miaka kumi na mmoja, nimeinamisha kichwa kama sijasikia, mguu unakanyaga pedeli na sindano inapanda na kushuka bila kitambaa… inchi ishirini na nane, kiuno cha Imani, nimezungusha futi kwa mkono wangu mwenyewe, ananukia sabuni ya hiyo hoteli ya Mikumi anakokaa mapokezi, na kila Jumatatu ni Theodory anayempeleka Kilosa kupanda basi, Kimamba nzima bodaboda zimejaa, kwa nini iwe ya Theodory… namwonea wivu, basi, kichwani mwangu ruksa kusema, namwonea wivu mpaka mate yanakuwa machungu. "Dada Salome, bado?" anauliza Imani kwenye benchi, nasema bado kidogo, kumbe hata sijakata, kitenge chake cha sare kiko mapajani, Jumamosi ni sendofu ya Magreti, mpwa wa Theodory, anaagwa kabla ya harusi, wanawake ishirini na wawili nguo moja, na chaki yangu imeandika ishirini na sita, sijui niliandika saa ngapi, ishirini na sita badala ya nane, nikikata hapo zipu itapasuka akiinama kutoa zawadi, mbele ya ukumbi mzima, nami nitasema pole, mdogo wangu, utakuwa umenenepa… smati, neno lenyewe nililisikia kwanza kwa mwalimu Wenceslaus, alimpa mwenzetu Ziada aliyemaliza hesabu kabla yetu, nikajua ni la akili, baadaye nikaona ni la nguo, mtu akipiga pasi shati la Jumapili ametoka smati, muuza simu wa Kilosa anazisifia hivyo simu zake, hata mama mkwe, ambaye Kiingereza hakijui, alisimama mbele ya choo kipya akasema hiki ni choo smati, choo kimepata, simu imepata, mimi bado, mimi naambiwa umechoka, mama Evance, nenda kalale… mkasi uko mkononi, ni mkato mmoja tu, nani atajua, nainua macho nipime kwa mara ya mwisho hicho kinachoitwa smati, gauni la bluu, kola ya lesi… kola hiyo. Lesi haikutosha, niliiunga nyuma ya shingo kwa mkono, mshono mdogo usioonekana mpaka uambiwe, ilikuwa wiki ya Pasaka, ni mimi niliyelishona gauni hilo, bega, kiuno, upindo, kila kitu alichokisifia Theodory kimetoka kwenye cherehani hii, na haijanipoza hata kidogo, inauma zaidi, kumbe miaka yote anasifia mikono yangu kwenye mwili wa mwingine, na nani kaipeleka huko, mimi mwenyewe, maana fundi hujishonea mwisho, kwenye harusi ya jirani yetu Grace nilikaa nyuma ya masufuria nimeshikiza upindo kwa pini, Pasaka hiyohiyo nilienda kanisani na gauni la mwaka juzi, ana nini cha kusema Theodory, aseme pini zangu ni smati… la kwangu la sendofu liko wapi, bado ni kitenge chini kabisa ya rundo, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, hakina hata alama ya chaki. Nafuta ile sita kwa kidole gumba, naandika nane, inasomeka vizuri, Imani atavaa atapumua, akatoe zawadi yake kwa amani. Navuta kitenge changu kutoka chini, najizungushia futi, sijawahi, inchi thelathini na sita, naandika kubwa ionekane. Theodory bado anafuta kioo kilekile. "Dada, bado?" anauliza Imani. "Bado, mdogo wangu," nasema, mkasi umeshaingia kwenye kitambaa, "leo naanza na la kwangu."