Kadi ya Watasema

Asubuhi ile Mzee Aminieli alimwaga makaratasi yote ya kwenye kopo juu ya kitanda, akaanza kuyachambua moja moja kama mtu anayechagua maharage ya mbegu. Kila alipoweka karatasi pembeni, binti yake Elinaza, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, alifuata mkono wake kwa macho. Alijua baba anatafuta nini. Alijua pia kwamba hakimo.

"Kadi ya mbwa," baba alisema bila kuinua macho. "Niliiweka humu kwa mkono wangu mwenyewe. Ile ya kahawia. Hujaiona, mama?"

Elinaza alifungua mdomo, maneno yakagoma. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Chuoni, mkufunzi wa sanaa aliwahi kumwambia kwamba mikono yake inazungumza Kiswahili fasaha, lakini ulimi wake bado uko darasa la kwanza. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ualimu miezi sita iliyopita, amerudi kijijini Vudee kwa baba yake kusubiri barua ya kupangiwa shule, na mpaka siku hiyo hakuwa amezoea hata kuagiza chumvi dukani kukiwa na watu.

Nje, mbwa mwenyewe alikuwa amelala kwenye jua mbele ya jiko, hana habari. Jina lake lilikuwa Watasema. Mzee Aminieli alimleta kutoka Mhezi akiwa kitoto cha kutia mfukoni mwa koti, mwaka ule mama yake Elinaza alipofariki na ndugu wakaanza kumhimiza mzee aoe tena. Alimpa jina hilo mbele yao, wakiwa bado wamekaa na sahani za makande mapajani. Na kweli walisema. Walisema Aminieli ameoa mbwa. Lakini Watasema alilinda mahindi dhidi ya ngedere kwa miaka saba, akapoteza ncha ya sikio la kushoto katika kazi hiyo, na jioni alilala kwenye miguu ya mzee mpaka waliosema wakachoka.

Sasa kulikuwa na kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja huko tambarare alikuwa ameng'ata watu wanne, na tangazo lilisomwa ofisi ya kijiji, kisha kanisani: Jumamosi, mbwa wote wapelekwe uwanjani pamoja na kadi zao za chanjo. Mbwa asiye na kadi hatarudi nyumbani.

Jumamosi ndiyo hii.

Maneno yalipozidi kugoma, Elinaza aliweka kikombe chini, akaenda stoo. Nyuma ya magunia ya mahindi alikuwa ameficha kitu kilichofunikwa kanga kuukuu. Alikileta chumbani, akakilaza kitandani juu ya makaratasi, akaondoa kanga.

Ilikuwa picha ya kubandika, kwenye ubao mwembamba wa sanduku la chai. Ilikuwa sura ya Watasema kuanzia kifuani kwenda juu, ameinua kichwa kama anavyofanya akisikia ngedere. Hakukuwa na tone la rangi, kwa sababu rangi hazikuwepo. Mwaka ule wa themanini na sita sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena katika maduka ya Same, na marobota ya mitumba yalikuwa yakifunguliwa sokoni kila wiki, lakini rangi za kuchorea na karatasi nyeupe hakuna aliyezikumbuka. Elinaza alitumia alichofundishwa kutumia: maganda makavu ya mgomba kwa shingo, karatasi ya mfuko wa saruji kwa pua, nyuzi za mkonge kwa manyoya ya mgongo, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa mng'aro wa jicho. Ulimi ulikuwa kipande cha bitana nyekundu ya koti la mitumba. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo, aliopika kwenye sufuria ya supu kwa kuwa nyingine ilitoboka.

Alikuwa ameikusudia picha hiyo iwe zawadi kwa baba, siku atakapoondoka kwenda kazini. Alichelewa kuimaliza kwa sababu ya rangi moja tu. Mfuko wa saruji ulikuwa umepauka mno kwa uso wa Watasema, na mgomba ulikuwa mweusi mno. Ndipo, wiki moja kabla ya tangazo, akiwa anapekua kopo la baba, alipokuta kadi ngumu ya kahawia, rangi ileile ya paji la uso la mbwa. Aliisoma. Alijua ni kadi ya chanjo. Akajiambia, kama msomi, kwamba chanjo iko kwenye damu ya mbwa, haiko kwenye karatasi. Akachukua mkasi.

"Hii ndiyo?" baba aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya sikio la kushoto la picha, lile lililokatika ncha. Muhuri wa zambarau ulionekana humo kama mshipa.

"Ndiyo, baba."

Elinaza alichukua kisu kidogo, akakipitisha chini ya sikio ili alibandue. Kadi ilianza kupasuka, na sehemu ya muhuri ikainuka kama gome. Baba alimshika kiwiko.

"Acha. Utamchuna."

"Baba, nisamehe."

"Nitakusamehe tukirudi," alisema Mzee Aminieli, akichukua kofia yake. "Mfunike. Tutakwenda nao wote wawili."

Uwanjani watu walikuwa wamepanga mstari na mbwa wao wamefungwa kamba za mkonge. Mbwa waliozoea kusikiana kwa mbali tu usiku sasa walikuwa wanaonana uso kwa uso, na kila mmoja alikuwa na neno. Kwenye meza iliyoazimwa shuleni alikaa bwana mifugo, jina lake Evance, kijana mwembamba aliyetoka Same, ndiye aliyewachanja mbwa hao mwezi wa tatu. Hatua chache kutoka mezani, kwenye mti wa mgrevilea, walikuwa wamefungwa mbwa wawili wasio na kadi. Mgambo Hezroni alikaa juu ya jiwe karibu nao, bunduki mapajani, akiangalia upande mwingine.

"Aminieli, na huyo mkeo umemfunga kamba?" Mama Redempta, jirani yao, aliuliza kutoka nyuma. Mbwa wake mwenyewe alikuwa amejificha chini ya gauni lake.

"Leo usinitanie, mama," alisema mzee. Mama Redempta akamtazama usoni. Kisha akatazama kile kilichofunikwa kanga mikononi mwa Elinaza.

"Shikamoo, mama," Elinaza alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwalimu. Umebeba mlango?"

Zamu yao ikafika.

"Jina la mbwa?" aliuliza Evance.

"Watasema."

"Watasema nini?"

Mstari mzima ukacheka. Hata Evance alitabasamu kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Kadi, mzee."

Mzee Aminieli alitazama mkono ule. Elinaza hakuwahi kumwona baba yake akikosa la kusema. Alikuwa mtu aliyewajibu ukoo mzima kwa jina la mbwa. Sasa kamba ikawa inazungushwa kwenye kiganja chake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka Watasema akabaki amebanwa gotini.

"Kadi hana?" Hezroni aliuliza kutoka kwenye jiwe, akianza kuinuka.

"Anayo," alisema Elinaza.

Hakujua sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka. Alisikia masikio yake yakiwaka moto, lakini mikono ilishaanza kazi; ilikwisha kuondoa kanga na kuiweka picha mezani.

Mstari ukavunjika, watu wakaja kuzunguka meza. Mtu mmoja alisema, "Jamani, ni yeye kabisa." Mwingine akasema, "Mpaka sikio."

"Binti," Evance alisema polepole, "hii ni picha."

"Kadi imo ndani, bwana mifugo. Niliikata mimi. Baba hakujua." Akaanza kuonyesha kwa kidole. "Yote imo. Chuoni walitufundisha karatasi haitupwi, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Muhuri ni hilo sikio. Jina la mwenyewe liko shavuni, hapa, ukiinamisha. Hapo kifuani kuna namba na jina la mbwa."

Evance aliinama. Alisoma sikio, akasoma shavu. Akageuza ubao kidogo kwenye mwanga, akasoma kifua. "Mwandiko ni wangu," alisema. "Na tarehe?"

Elinaza alikuwa amesahau kuitaja tarehe.

"Kadi za mwaka jana nazo zilikuwa za kahawia," Evance aliendelea, bila ukali. "Namba zinarudiwa kila mwaka. Daftari limebaki Same. Bila tarehe siwezi kujua ni chanjo ya lini, na nimeambiwa ya mwaka jana nisiipokee."

"Iko chini ya ulimi," alisema Elinaza.

"Basi uondoe."

Alijaribu kwa ukucha. Bitana ilikuwa imeshika. Akikumbuka kisu cha asubuhi, aliacha. Kama maandishi yangebanduka pamoja na kitambaa, tarehe isingekuwepo tena duniani. Mama Redempta alimpa chupa yake ya maji bila kuombwa. Elinaza alidondosha matone machache juu ya ulimi, akasubiri. Uji wa muhogo ulianza kulainika, na pamoja nao harufu ya supu ya mifupa, ndogo lakini ya kweli, ikapanda juu ya meza.

Watasema aliinua pua.

Wiki nzima alikuwa akilala mbele ya mlango wa stoo akinusa, na hakuna aliyejua kwa nini. Mzee Aminieli, katika hofu yake, alikuwa amelegeza kamba. Mbwa aliweka miguu miwili ya mbele juu ya meza ya shule, taratibu, kwa adabu, akaanza kuulamba ulimi wa picha.

"Mtoe," alisema Hezroni.

"Mwache," alisema Evance.

Watasema alilamba kama anavyolamba sufuria, kutoka chini kwenda juu, bila haraka, bila kutumia meno. Bitana nyekundu ikajikunja ukingoni. Ikainuka nusu. Kisha ikabaki imening'inia kwa juu tu, na chini yake, kwenye kadi iliyolowa, maandishi ya kalamu ya risasi yalikuwa hayajaondoka. Wino wa kawaida ungekwenda na mate. Lakini mwezi wa tatu kalamu za wino hazikupatikana hata ofisini, na Evance aliandika kadi zote kwa penseli.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, themanini na sita," alisoma. Akaegemea kiti. "Mzee, mbwa wako amechanjwa."

Mzee Aminieli alivua kofia, akaivaa tena. Elinaza alikaa chini kwenye majani, kando ya mbwa. Mkono wake ulikuwa kwenye shingo ya Watasema, na vidole vilikuwa vimezama kwenye manyoya kana kwamba anahesabu kama yote yapo.

"Ningekupa kadi mpya," Evance alisema, "lakini zimekwisha, na sijui zitakuja lini." Akaugeuza ubao, akagonga muhuri mgongoni mwa picha, akatia sahihi. "Kadi yake ni hii. Mwakani mje nayo hivihivi."

"Haya," alisema Mama Redempta, "mbwa wa Aminieli ana picha ya pasipoti. Atatuacha huyu, ataruka Ulaya." Na safari hii mzee alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Wakiwa njiani kupanda kwenda nyumbani walipishana na mwanamume aliyekuwa akikimbia kuteremka, kadi imeinuliwa juu kama anayesimamisha basi. Mmoja kati ya wale mbwa wawili wa kwenye mgrevilea alikuwa na mtu. Walipofika kwenye ndiva, bwawa ambako kijiji hugawana zamu za maji, walisikia mlio mmoja wa bunduki huko chini. Mmoja tu. Mzee alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Watasema, akangoja mpaka mwangwi uishe kwenye mabonde. Elinaza naye aliikumbatia picha kifuani. Kisha wakaendelea na safari.

Nyumbani, baba alipigilia msumari ukutani mwa sebule, karibu na kalenda ya kanisa, akaitundika picha. Alirudi nyuma, akaitazama muda mrefu.

"Ulimjuaje hivi?" aliuliza. "Hapa kwenye nyusi. Akiwa ananisubiri nimalize kula."

"Nilimwangalia tu, baba."

"Mm." Akakaa kwenye kiti chake, Watasema akajilaza juu ya miguu yake. "Nilisema nitakusamehe tukirudi. Tumerudi."

Ulimi wa Elinaza ulikuwa umerudi darasa la kwanza. Akaenda jikoni, akaikoroga gundi mpya, safari hii ndani ya kikombe kisichojua supu, akarudi kuubandika ule ulimi mwekundu uliokuwa unaning'inia.

"Paka juu tu," baba alisema nyuma yake. "Chini uache wazi. Mwakani bwana mifugo atataka kuuinua."