Matairi Laini na Mteremko wa Kwenda Ziwani

Mansuetus alishuka kwenye basi la kutoka Songea na tairi moja kila bega, stendi ya Mbinga nzima ikimwangalia. Yalikuwa matairi mapana, meusi ti, na nyuso zake zilikuwa laini, hazina kashata hata moja, yale meno ya mpira yanayoshika barabara.

Aliyapeleka moja kwa moja kwa shangazi yake Kunigunda, dada wa baba yake, aliyekuwa fundi wa matairi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Banda lake lilikuwa nyuma ya soko: mashine ya upepo, beseni la maji la kutafutia pancha, na benchi ambalo wateja walilipenda kuliko nyumba zao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hayo matairi kipara umeyaokota wapi?"

"Siyo kipara, yametengenezwa hivyo. Ni ya mashindano. Mpira wake unanata kama gundi."

Kunigunda alielewa mara moja. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, vijana wenye magari walikutana nje kidogo ya Mbamba Bay. Kulikuwa na barabara ya lami iliyonyooka kuelekea kwenye maghala mapya ambayo bado hayajafunguliwa. Kamati iliomba kibali, ikafunga njia, ikaleta gari la wagonjwa, na magari yakashindana mawili mawili kwa mita mia mbili. Mwaka uliopita Mansuetus, fundi mitambo wa kiwanda cha kukoboa kahawa, alikwenda na Mark II yake nyeupe. Bendera iliposhuka, magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale, moshi ukafunika gari, na mpinzani wake alifika mwisho kabla yeye hajasogea hatua tano. Mtangazaji akauliza kwenye kipaza sauti, "Jamani, Mansuetus anapika nini pale?" Watu wa kiwandani walimwita Mpishi mpaka Krismasi.

Kunigunda aliligeuza tairi moja, akafuta vumbi ubavuni kwa kitambaa. "Soma hapa."

Mansuetus alisoma maandishi madogo. Yalisema tairi hilo ni la kiwanja cha mashindano tu, lisitumike barabarani.

"Na hizi namba nne?"

"Elfu mbili mia mbili na kumi na nne?"

"Juma la ishirini na mbili, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Tairi lina zaidi ya miaka kumi. Tazama nyufa hizi kwenye ubavu." Akaliegemeza ukutani. "Sifungi."

"Shangazi!"

"Sifungi, Mansuetus. Tairi lisilo na kashata likikutana na maji halina pa kuyapeleka. Linapanda juu ya maji, na wewe ndani yake unakuwa abiria. Ukitaka kushindana nitakutafutia matairi yanayofaa. Ukitaka kwenda na haya, tafuta fundi mwingine."

Hakutafuta fundi mwingine. Siku tisa baadaye yalifika kwa basi matairi mawili mapya kutoka kwa rafiki wa Kunigunda wa Dar es Salaam. Nayo yalikuwa ya mashindano, mpira laini, lakini yalikuwa na mifereji michache na ubavuni yaliandikwa kwamba yanaruhusiwa barabarani. Kunigunda hakuyafunga kwa haraka. Alipima upana wa rimu kwa futi, akasoma namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, akahakikisha mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka unatazama mbele kwenye kila tairi. Kisha akawaita kina mama watatu waliokuwa wakipita kutoka kuchambua kahawa, akawaomba wakae kwenye buti la gari.

"Tukae tu?" aliuliza mmoja wao.

"Mkae na mruke ruke kidogo."

Wakaruka, wakicheka hadi machozi, huku Kunigunda amelala chini na tochi akitazama kama tairi linagusa madigadi. Halikugusa.

"Kwa hiyo Jumamosi naondoka nayo," alisema Mansuetus.

"Unaondoka nayo kwenye buti. Chini unafunga matairi yako ya kila siku, ukifika unabadilisha."

"Lakini si umesema yanaruhusiwa barabarani?"

"Yanaruhusiwa kama vile mtu anavyoruhusiwa kwenda shambani na viatu vya dansi. Juani, kwenye lami kavu, yatakupeleka sokoni na kukurudisha. Huu ni mwezi wa nne. Unajua mteremko wa kwenda ziwani unavyokuwa."

Mansuetus alinung'unika kwamba ataonekana mshamba, anafika na jeki na spana kama mtu aliyepata pancha. Kunigunda akamjibu kwamba atakwenda naye, ahakikishe kwa macho yake.

Jumamosi walitoka Mbinga asubuhi kwenye ukungu na mvua ya rasharasha. Hawajafika mbali, askari wa usalama barabarani akawasimamisha. Alizunguka gari, akaridhika, kisha akaomba buti lifunguliwe. Alipoyaona matairi ya mashindano alitikisa kichwa.

"Mama, hizi si kashata. Hii ni mikwaruzo."

"Ndiyo maana yamelala humo, afande," alisema Kunigunda.

Askari alitazama matairi yaliyofungwa chini, akatazama tena yaliyo kwenye buti, akacheka. "Nendeni salama. Mkishinda mnipigie honi mkirudi."

Barabara ilipoanza kushuka kuelekea ziwani, mvua ilizidi. Kona zilifuatana, mlima upande huu, bonde upande ule. Mansuetus alishika gia ya pili na kwenda taratibu. Nyuma yao ikatokea Altezza nyekundu, ikapiga honi mara tatu kwa furaha, ikawapita.

"Rodrick!" alisema Mansuetus. Huyo ndiye aliyemwacha kwenye moshi mwaka jana: mfanyabiashara wa samaki wa Lundo, anayependa gari lake kuliko usingizi. "Ametoka Songea kwa fundi wake. Umeona nyuma? Amefunga ya mashindano tayari!"

Kunigunda aliendelea kuitazama barabara.

Kona ya tatu waliikuta Altezza imelala kwenye mtaro wa upande wa mlima, pua imeelekea walikotoka. Rodrick alikuwa amesimama kwenye mvua, mikono kichwani, mzima. Mansuetus aliwasha taa za tahadhari, akaegesha mbele mahali panapoonekana, na Kunigunda akakata matawi akayatandaza barabarani pande zote mbili.

"Umeumia?" alimuuliza.

"Hapana, mama. Shikamoo." Rodrick alifuta maji usoni. "Sikufunga breki, wala sikukata kona kwa nguvu. Nilikanyaga mafuta kidogo tu, kidogo sana, nyuma ikaondoka. Ikazunguka kama pia. Nimeona bonde, nimeona mlima, nimeona bonde tena." Akatazama bondeni. "Ingeamua upande ule..."

Kunigunda alimshika bega mpaka akatulia. Halafu wakafunga kamba. Kunigunda akavuta kwa Mark II, Rodrick akakaa kwenye usukani wake, na Mansuetus akasukuma kutoka mtaroni. Altezza ilitoka kwa ghafla. Mansuetus akateleza kwenye tope, akaangukia mkono wa kushoto, akapiga ukelele uliomfanya shangazi yake aache kila kitu.

Haukuvunjika, lakini kiwiko mpaka vidole vilimuuma. Kunigunda alichukua usukani. Walisubiri mvua ikatike na maji yapungue barabarani, kisha wakashuka, Kunigunda mbele kwa mwendo wa baiskeli, Rodrick nyuma yake bila kupiga honi hata moja.

Mbamba Bay kulikuwa na jua. Ziwa Nyasa lilikuwa limetulia, watu wamejaa kandokando ya uzio wa kamba, harufu ya dagaa wa kukaanga kila mahali. Saa saba lami ilikuwa kavu kabisa. Mkono wa Mansuetus, kwa bahati mbaya, ulikuwa umevimba kama andazi. Muuguzi wa gari la wagonjwa aliufunga bendeji.

"Gia unabadilisha kwa mkono gani?" alimuuliza.

"Huu huu."

"Basi leo wewe ni mtazamaji."

Mansuetus aliketi juu ya tairi. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri siku hii. Dorothy, katibu wa kamati, alikuja na karatasi zake kufuta jina. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Gari nalifuta au mnabadilisha dereva? Kabla ya kupangwa inaruhusiwa. Nataka leseni, kofia ngumu na mkanda."

Mansuetus aliinua kichwa taratibu, akamtazama shangazi yake.

"Usinitazame hivyo," alisema Kunigunda.

"Shangazi, umeendesha roli la kahawa miaka sita kabla ya kufungua banda. Kila gari unalotengeneza unalijaribu mwenyewe."

"Nina miaka arobaini na sita."

"Fomu haina sehemu ya umri," alisema Dorothy, kalamu mkononi.

Kunigunda alicheka, akaacha kucheka, akatazama ile lami iliyonyooka. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Nipe hiyo kofia," alisema.

Alibadilisha matairi mwenyewe huku Mansuetus akimpa nati kwa mkono mmoja. Alikaza nati kwa kuvuka, ya huku kisha ya kule. Akapima upepo yakiwa bado ya baridi. "Barabarani thelathini na mbili. Hapa tunashusha mpaka ishirini, tairi likae vizuri chini. Ya mbele hayaguswi." Walipompa ishara ya kupasha matairi moto, alizungusha magurudumu ya nyuma kidogo tu, mpaka moshi mwembamba ulipoonekana, akaacha.

Bendera ya kwanza iliposhuka, Mark II haikuzunguka palepale. Iliinama nyuma na kuruka. Kunigunda alihisi kiti kikimsukuma mgongoni, akabadilisha gia, akasikia mtu anapiga kelele kwa furaha, na alipofika mwisho akagundua ni yeye. Alimshinda kijana wa Kitai kwa urefu wa gari zima. Mbio za pili alishinda tena. Watu wakaanza kuuliza yule mama ni nani, na waliomjua kutoka Mbinga wakajibu kwa sauti kubwa.

Fainali ilimkutanisha na Rodrick. Wakiwa wanasubiri zamu, Kunigunda alitembea mpaka kwenye Altezza, akainama nyuma yake.

"Rodrick, njoo uone. Mpira laini unaokota kila kitu. Umetoka nao Songea mpaka hapa, tazama kokoto zilizojibana. Na huu ubavu umekwaruzika mtaroni, lakini kamba za ndani hazijaonekana. Nimeupapasa, hauna uvimbe. Safisha, upime upepo tena."

Rodrick alitoa kokoto moja moja kwa bisibisi. Mansuetus alimvuta shangazi yake pembeni.

"Unamsaidia? Sasa hivi? Fainali?"

"Nitamwonaje mtu anaondoka na mawe kwenye matairi nisimwambie?"

Bendera ilishuka. Magari yote mawili yaliondoka pamoja, sawa kwa sawa, nyekundu na nyeupe. Kwenye gia ya tatu Altezza ilisogea kidogo. Ikavuka mstari mbele kwa nusu ya boneti.

Mansuetus alitupa kofia yake chini. Lakini Mark II iliposimama kule mwisho, alimwona shangazi yake akishuka na kurusha mikono juu kama aliyeshinda, na Rodrick akikimbia kumkumbatia, na mtangazaji akipaza sauti, "Kunigunda wa Mbinga! Mpigieni makofi fundi wetu!" Hasira ikamwishia. Akaanza kucheka, naye akakimbia kwao, mkono wake wenye bendeji juu hewani.

Rodrick aliwanunulia samaki aina ya mbasa wa kuchoma, wakala ufukweni kwa mikono, miguu ikiwa mchangani. Dorothy alikuja pale akiwa amebeba sahani yake. Kamati ilikuwa imezungumza, alisema. Kuanzia mwakani kila gari litakaguliwa matairi kabla ya kushindana, na atakayefika na ya mashindano yamefungwa chini kwenye mvua hatashindana. Walitaka mkaguzi anayejua kazi.

"Nitakagua," alisema Kunigunda, akitoa mfupa mdomoni. "Lakini gari langu alikague mtu mwingine. Na mimi nitashindana."

"Gari lako?" aliuliza Mansuetus. "Gari lipi?"

"Nitanunua."

Kabla jua halijashuka Kunigunda alifunga tena matairi ya kila siku, akahakikisha upepo ni thelathini na mbili, akapanda mlima kuelekea Mbinga. Rodrick aliiacha Altezza Mbamba Bay kwa ndugu yake mpaka apate matairi yenye kashata. Mansuetus alilala njia nzima. Kunigunda aliendesha akiimba polepole, na kila alipofika mahali palipo wazi na kavu, mguu wake wa kulia ulitamani kukanyaga zaidi kidogo, akauzuia.