Makofi Nyuma ya Bucha

Redio aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Kila Jumamosi usiku aliwatembeza wageni kwa miguu mitaa ya zamani, akiwaonyesha mahali watu walipouawa enzi hizo. Pale fundi cherehani alipochomwa mkasi wa shingo, wageni walishika midomo. Pale mwoka mikate alipomsokomeza mwenzake tanurini, bibi mmoja aliomba pa kukaa. Lakini utamu wenyewe ulikuwa mwisho, kwenye kichochoro cha nyuma ya bucha kuukuu, ambako mchinjaji alimkatakata mpangaji wake. Humo alijibanza shemeji yake Redio, mume wa dada yake, na panga la mbao na aproni iliyolowa rangi nyekundu, akisubiri kuwarukia wageni.

"Leo moyo unakataa," shemeji alikuwa amemwambia jioni. "Watu wako wataniumiza siku moja."

"Wewe? Panya akikohoa tu unapanda kitandani!"

"Cheka. Dada yako tumbo limemfika puani. Nikivunjika, utamlea wewe?"

"Nakurudisha mzima, shemeji. Hata kucha haitapungua."

Miongoni mwa wageni wa usiku huo kulikuwa na pande la mtu, shingo kama gogo, ambaye hakucheka hata mara moja. Mkewe alimvuta Redio pembeni. "Kaka, huyu alishawahi kuvamiwa na majambazi. Usimshtue sana."

"Ondoa shaka, mama. Leo anapona kabisa."

Wakaingia kichochoroni. Shemeji akachomoka gizani. "Nawamaliza!"

Wageni walipiga mayowe. Lile pande halikupiga. Lilidaka mkono wenye panga, likaukunja kinyume, mfupa ukalia kama kuni kavu. Likambamiza shemeji uso ukutani, likambamiza tena, meno yakadondoka. Kisha likamkalia kifuani na kumkaba koo kwa mikono miwili.

"Jamani, anakufa! Msaidieni!" Redio alipiga kelele.

Wageni wakapiga makofi. Wangefanyaje? Mwenyewe aliwaelekeza tangu mwanzo: tukifika kwa mchinjaji nitalia kwamba mtu anakufa, na nyinyi mnishangilie.

"Siyo mchezo! Haki ya Mungu, siyo mchezo!"

"Kijana anajua kuigiza huyu," bibi alisema, akizidisha makofi.

Redio alilivuta lile pande shati, likachanika. Akaling'ata bega hadi akaonja damu, halikugeuka. Miguu ya shemeji ilikuwa imeacha kupapatika. Redio akaokota tofali, akalishusha kisogoni kwa nguvu zote. Pande likaanguka ubavu. Makofi yakapanda, mtu akapiga mbinja, mpaka mke wa lile pande alipopiga magoti, akakishika kichwa cha mumewe, kisha akainua viganja vinavyochuruzika damu.

Hapo ndipo mmoja alipokumbuka kuita gari la wagonjwa.

Redio alimpakata shemeji, akampigia dada yake.

"Dada, njoo hospitali. Mumeo ameumizwa vibaya."

Dada akacheka kwa usingizi. "Nenda kalale, Redio. Wiki iliyopita si uliniambia ameliwa na mbwa?"

"Dada, nakuomba..."

"Mpe mwenyewe aseme."

Redio akasogeza simu kwenye ule mdomo uliopasuka. Pumzi ilitoka kwa kukoroma, ikipita katikati ya damu, ikikatika, ikirudi.

Upande wa pili kicheko kikakoma.