Siku ya Kufunga Dukani kwa Mama Gladwell

Nakhungu alikuwa amekwisha kujidunga insulini chooni, kama kila asubuhi kabla ya chai ya dukani, Mama Gladwell alipotangaza kwamba leo hakuna chai. Duka lake la jumla pale Kitale lilikuwa likidorora, hivyo wafanyakazi wote wangefunga na kuomba hadi jioni. Dawa ile bila chakula huteremsha sukari mpaka mtu azimie, na yeye hakuwa peke yake mwilini.

Aseme? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuajiriwa na Mama Gladwell. Chepngeno, aliyekuwa kwenye kaunta kabla yake, alipigwa kalamu mara tu tumbo lilipoonekana. Ndiyo maana Nakhungu alivaa sweta pana hata jua likiwaka, na kliniki akaenda kwao Bungoma. Muuguzi wa huko alimweleza kwamba sheria haimruhusu mwajiri kumfuta mtu kazi kwa sababu ya mimba. Sheria ni nzuri, ila asubuhi ile haikuwa dukani. Aliyejua siri zake, ya sukari na ya mimba, ni Wepukhulu wa stoo tu, mtu wa kijijini kwao Sirisia, huko huko Bungoma.

Maombi yakarefuka. Jasho baridi likamtoka, mikono ikamtetemeka, uso wa Mama Gladwell ukaingia ukungu. Aliogopa kupoteza kazi. Kisha akamwogopea mtoto, na hofu hiyo ikaimeza ile ya kwanza. Akachomoa soda kwenye kreti, akaifungua kwa meno.

Wepukhulu akamrukia, akamnyang'anya. "Wewe! Si uko na sukari? Na hiyo mimba! Unataka kujiua, bana?"

Maombi yakakatika. Masikini Wepukhulu, alidhani anamwokoa. Kwake yeye, mgonjwa wa sukari na soda ni paka na panya. Nakhungu alitaka kueleza, ulimi ukawa mzito. Akaporomoka juu ya magunia ya mchele.

"Imeshuka," alijikaza. "Sukari imeshuka. Nipe, tutakufa na mtoto."

Wepukhulu aliganda, chupa mkononi. Mama Gladwell ndiye aliyeichukua, akapiga magoti, akamnywesha mwenyewe. Polepole, ukungu ukaondoka.

"Nakhungu, si ungeniambia?"

"Ungenifuta, Mama."

Wote walingoja mwenye duka akane. Mama Gladwell aliiweka chupa chini.

"Kesho utakuja?" akauliza hatimaye.

Nakhungu bado aliogopa, tena sana. Hakujua kama anaulizwa au anaonyeshwa mlango. "Nitakuja," akasema. "Sheria inanilinda, Mama. Na nikishadunga dawa nitakula, hata kama nyinyi wote mnafunga."

Mama Gladwell akainuka, bila kumtazama mtu, akamwambia Wepukhulu alete mkate.