Majibu ya Shuaib

Shuaib alikufa wiki ya pili ya Januari, katika chumba alichopanga nyuma ya soko la mji wa Setif, kwa hewa ya sumu ya hita ya gesi. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limechomoka ukutani. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, naye alikuwa amefunga dirisha na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo. Lotfi, mwenyekiti wa klabu yao chuoni, ndiye aliyempigia Ibtisam simu. Ibtisam alikuwa kantini ya hosteli, mbele ya bakuli la supu ya dengu.

"Uko wapi?" Lotfi akauliza.

"Nakula."

"Kaa chini."

"Nimekaa, Lotfi. Nani anakula dengu amesimama?"

Akamwambia. Ibtisam akasema, "Sawa," akakata simu, akaendelea na supu mpaka ikaisha. Akachukua kipande cha mkate kilichobaki akafutia bakuli. Baadaye alijishangaa kwa hilo la mkate kuliko kwa jambo jingine lolote.

Watu wengi pale idarani walidhani wawili hao ni wapenzi. Hawakuwa. Walikuwa wakigombana, kila siku ya Mungu, juu ya programu yao, na ugomvi huo ulikuwa umewatosha kwa miaka miwili. Programu yenyewe iliitwa Nabra. Ukiipa picha ya ukurasa wa kitabu cha Kiarabu, inakusomea kwa sauti. Ilizaliwa katika klabu ya programu huria, kwenye chumba cha ghorofa ya pili ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu, na kama kazi zote za klabu ile, msimbo wake ulikuwa wazi mtandaoni. Yeyote aweza kuusoma, kuuchukua, kuurekebisha, kisha akarudisha marekebisho yake ili wengine wafaidi. Ila lazima awepo mtu wa kuamua kipi kiingie na kipi kisiingie, na kwa Nabra mtu huyo alikuwa Shuaib peke yake. Ibtisam alikuwa na nywila ya akaunti yake kwa sababu moja tu. Shuaib alipenda kulala Ijumaa asubuhi, hakutaka kuamshwa.

Walikwenda mazikoni Bordj, mji wa kwao Shuaib, gari mbili. Katika chumba cha wanawake mama yake Shuaib alimshika Ibtisam mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye Ibtisam wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, khalti," akajibu, akimwita mama mdogo kwa heshima.

"Alikuwa akisema una kichwa kigumu."

"Ni kweli, khalti."

Wanawake walilia, wakanyamaza, wakaanza tena kila alipoingia mgeni mpya. Ibtisam alitazama maua ya zulia. Alikuwa akingoja kilio chake kifike, akijua kiko njiani, kama mtu aliyekata tiketi. Hakikufika. Kuskusi ilipoletwa, akala.

Mitihani ikaja, ikapita. Alifaulu vizuri, kuliko muhula wowote wa nyuma, maana hakuwa na kitu kingine cha kufanya na kichwa chake. Februari klabu ikakutana tena, na Lotfi akafungua ukurasa wa Nabra.

"Marekebisho kumi na tisa yanangoja," akasema. "Watu wametuma, hakuna anayewajibu. Nani ana funguo?"

"Nina nywila yake," Ibtisam akasema.

"Basi ingia, dada yangu. Uangalie."

Akaingia. Picha ya Shuaib ilikuwa palepale pembeni, ametoa ulimi, ganda la mbegu ya alizeti limemganda mdomoni. Akapitia marekebisho moja moja. Chini yake akakuta barua ya mtu aitwaye Si Tahar, yaani Bwana Tahar.

Huyu Si Tahar alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiarabu huko Biskra, aliyepofuka uzeeni kwa kisukari. Hakujua msimbo hata mstari mmoja. Alikuwa akisikiliza vitabu vyake vya zamani kupitia Nabra, na kila programu ilipokosea matamshi aliisemea simu ripoti, simu ikaandika. Kwa mwaka mzima yeye na Shuaib walikuwa wakiandikiana. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana sauti.

"Mwanangu Shuaib, salaam," barua ilisema. "Wiki ya tano hii hujanijibu. Kama nimekukera kwa kukuita punda wa sarufi, nisamehe, ingawa sarufi yako ni ya punda. Programu yako siku hizi inasoma 'elimu' kama 'bendera', kwa kuwa bila irabu herufi zake za Kiarabu ni zilezile. Jana imenisomea kwamba kijana alisafiri miaka saba kutafuta bendera. Nikacheka peke yangu, mke wangu akadhani nimerukwa na akili. Hebu rekebisha."

Ibtisam alibonyeza mahali pa kujibu. Alikusudia kuandika kwamba Shuaib amefariki. Aliandika: "Samahani ustadh, nilikuwa na mitihani. Nitarekebisha." Akatuma. Haikuwa huruma, wala haikuwa hila. Ndiyo tu maneno yaliyokuwa karibu zaidi.

Akarekebisha la bendera. Si Tahar akaleta lingine, na lingine. Ikawa kila Alhamisi Ibtisam anakaa kwenye kiti cha Shuaib kwa kuwa kiko karibu na dirisha, anaingia kwa jina la Shuaib, anajibu. Majibu yake yalikuwa mafupi na ya adabu, hata siku moja mzee akauliza, "Umekuwa mpole ghafla. Unaumwa? Au umeoa?"

Ndipo Ibtisam akarudi nyuma kusoma barua zao za mwaka mzima, kama mwanafunzi anayejisomea somo. Akaona jinsi Shuaib alivyokuwa akimtania yule mzee, jinsi alivyoanza sentensi, mahali alipoweka vichekesho vyake vibaya. Akaandika: "Ustadh, siumwi. Ni masikio yako yamezeeka kuliko macho." Mzee akafurahi. Aliandika aya nne za matusi matamu. Ibtisam alizisoma mpaka mwisho, akafunga kompyuta, akaenda kupanga foleni ya chakula cha mchana. Hakuhisi aibu, hakuhisi raha. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi, anajua ni wake kwa kuuona tu.

Lotfi akaja kugundua mwezi Machi.

"Nani amemjibu huyu mzee jana?"

"Mimi."

"Kwa jina la Shuaib?"

"Akaunti ni ya Shuaib."

"Ibtisam. Huyu mtu anadhani anaongea na nani?"

"Na anayerekebisha makosa."

"Hilo si jibu."

"Najua si jibu."

Lotfi akainuka, akatengeneza kahawa, vikombe viwili, akachukua muda mrefu kuliko kahawa inavyotaka. Alipokaa tena akasema, "Mimi sitakuingilia. Lakini wewe ndiye utakayemwambia. Usije ukanitupia mimi."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Aprili Si Tahar akaandika kwamba mke wake amemtafutia daktari wa macho Setif, na kwamba Jumanne wakitoka hospitali watapita klabuni. "Macho sina tena, lakini nataka nikusikie ukinidharau kwa mdomo wako mwenyewe." Aliacha na namba ya simu. Ibtisam alikuwa na siku nne. Kila siku aliiangalia ile namba, akaona kama ni namba ya mtu mwingine, jambo la mtu mwingine.

Jumanne saa saba mchana wakabisha hodi. Mzee mrefu, joho la sufu la rangi ya ngamia, miwani myeusi, fimbo. Pembeni mkewe, Lalla Mabruka, amebeba boksi la tende za Tolga.

"Yuko wapi punda wangu?" Si Tahar akauliza chumba kizima.

Lotfi akamtazama Ibtisam. Ibtisam akasimama.

"Karibu, ustadh. Mimi naitwa Ibtisam."

"Ahsante, binti. Shuaib amejificha wapi?"

"Kaa kwanza, ustadh."

"Nimekaa kwenye basi asubuhi nzima. Niambie nikiwa nimesimama."

"Shuaib amefariki," akasema. "Januari. Gesi ya hita."

Lalla Mabruka akasema, "Inna lillahi," akaweka boksi mezani taratibu. Mzee hakusogea.

"Januari ipi?"

"Hii iliyopita."

"Haiwezekani. Ameniandikia Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa mimi."

Fimbo ilitafuta kiti, ikakipata. Si Tahar akakaa. Akainamisha kichwa upande, sikio mbele.

"Hilo la masikio yaliyozeeka?"

"Mimi."

"La bendera?"

"Mimi pia."

"Aliyeniambia nisisahau kula kabla ya dawa ya sukari?"

Ibtisam akafikiri. "Hapana. Hiyo ilikuwa Desemba. Hiyo ni yake."

"Ni yake," mzee akarudia. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Miezi mitatu nimemwombea mitihani mtu aliye kaburini. Badala ya kumwombea rehema. Na wewe unasoma, unarekebisha, unanijibu. Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana, ustadh."

"Basi kwa nini?"

"Sijui."

"Msomi wa chuo kikuu, hujui."

"Sijui. Nilitaka kuliandika, nikaandika jingine. Kisha ikawa ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo," Si Tahar akasema. "Unalisema kama unayesoma tangazo la maji kukatika."

"Tahar," mkewe akaingilia, "huyu mtoto mwenyewe hayuko sawa. Itazame mikono yake."

"Mimi natazama nini, Mabruka?"

"Nakuambia, basi. Inatetemeka."

Ibtisam akaitazama mikono yake. Kweli ilikuwa inatetemeka, yote miwili, hadi kwenye viwiko. Hakuwa amejua. Lalla Mabruka akaishika, akaikandamiza katikati ya viganja vyake kama mtu anayekanda unga mgumu, akamkalisha.

Mzee akageukia upande wa pili wa chumba, alikokuwa Lotfi.

"Alikuwa na sauti gani?"

Lotfi akakuna kichwa, kisha akakumbuka. Ndani ya Nabra kulikuwa na faili za majaribio, sentensi ambazo Shuaib alizirekodi mwenyewe ili waulinganishe usomaji wa programu na wa binadamu. Akatafuta, akafungua ya kwanza. Chumba kikajaa sauti ya kijana mwenye mafua kidogo, akisema kwa Kiarabu, kwa makini ya mtu aliyeagizwa kutokosea: "Mgonjwa anauliza njia ya kwenda sokoni." Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe, na sauti ya msichana ikasema, "Shuaib, umeharibu, rudia." Alikuwa Ibtisam.

"Amekosea dhadi," Si Tahar akasema. "Neno la mgonjwa. Nilimwandikia mara ishirini hiyo herufi inatokea wapi mdomoni. Anaitamka kama mtu wa Bordj."

"Alikuwa mtu wa Bordj," Ibtisam akasema.

"Rudieni."

Lotfi akarudia. Mara ya nne mzee akavua miwani, akafuta macho kwa pembe ya joho, akaivaa tena, akasimama. Mlangoni akageuka upande aliodhani Ibtisam yupo, akapatia.

"Sijakusamehe, binti."

"Nimekusikia, ustadh."

Mkewe aliacha boksi palepale. "Kuleni," akasema. "Tende hazina kosa."

Jioni ileile, kabla idara haijafungwa, Ibtisam aliandika tangazo kwenye ukurasa wa mbele wa Nabra. Mistari sita ilimchukua saa tatu. Kwamba Shuaib alifariki Januari. Kwamba majibu yote yaliyotoka kwa jina lake tangu Februari yaliandikwa na Ibtisam, bila ruhusa ya mtu, na anayeona amedanganywa ana haki. Akajipa funguo kwa jina lake mwenyewe, akamwondolea Shuaib zake, akatuma. Jina la Shuaib halikutoka kwenye orodha ya waandishi, wala halitatoka, kwa sababu nusu ya mistari ni yake na kila mstari unaonyesha nani aliuandika na lini.

Watu wasiojulikana wakaandika pole kutoka Morocco, Oman, Mosul. Wawili waliandika kwa hasira. Mmoja alimwita mchawi. Ibtisam aliwajibu wote, wa pole na wa hasira, sentensi mojamoja. Kutoka Biskra hakukuja kitu, Aprili ikaisha, Mei ikaja na joto lake, na kila Alhamisi alifungua ukurasa na kuufunga.

Ripoti ilifika mwanzoni mwa Juni. Haikuwa na salaam.

"Kwa anayehusika. Ukurasa wa themanini na nane. Programu inasoma 'mahari' kama 'mwanafarasi'. Kwa mujibu wake bwana harusi amemkabidhi baba mkwe mwanafarasi, nusu sasa, nusu baada ya harusi."

Sauti ikamtoka Ibtisam, fupi, karibu kama ya kukoroma. Lotfi akageuka.

"Nini?"

Akamsomea. Lotfi akacheka, akauliza nusu gani ya farasi inatangulia, akacheka tena, mpaka alipoona kwamba Ibtisam ameinamisha uso kwenye meza na mabega yanamtikisika, na kwamba si kicheko tena, au si kicheko peke yake. Alisogeza kikombe cha kahawa kisije kumwagika kwenye kibodi, akarudi kwenye kazi yake, akawa anaandika polepole, kwa kelele kidogo, ili asikike kuwa yupo.

Ilidumu kama robo saa. Kisha Ibtisam akafuta uso kwa mkono wa sweta, akafungua faili la maneno yenye herufi zilezile, akamtenganisha farasi na mahari, akalifanyia majaribio mara mbili. Akaandika: "Imerekebishwa. Ibtisam."

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Lilikuwa neno moja: "Imefika."