Hakumtaja Mtu

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye mkalimani, na afadhali tuliweke hilo mezani mapema kabla hamjaanza kumtafuta mwingine. Kiwandani walimwita Mdomo wa Kukodi, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa ameshafukuzwa kazi tatu na kulala vyumba vya watu wanne wanne. Lugha ya wageni aliipata kwa kuwaoshea vyombo huku wakimtukana nayo, na lugha ukifunzwa kwa matusi huisahau kamwe.

Kiwanda kilikuwa cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Mashuka huingia kwa mlango wa nyuma yakinuka, hutoka kwa mlango wa mbele yamenyooka kama karatasi. Katikati ipo pasi kubwa ya rola za moto. Watu wawili huilisha mashuka upande huu, wawili huyapokea upande wa pili. Mbele ya rola hukaa chuma chembamba, kinga. Kikiguswa kidogo tu, mashine inasimama. Sasa tatizo la kinga ni hilohilo, inasimamisha kazi. Hata pindo la shuka likiigusa, kimya. Msimamizi, ambaye watu walimwita Chapuchapu, aliifungua Jumatatu akaenda kuiweka juu ya kabati la ofisini kwake.

Jumatano mlisha rola mmoja aliugua. Chapuchapu akamtoa dada wa mkalimani kwenye meza ya kukunja, alikokuwa miaka sita, akamsimamisha mbele ya rola. Kabla ya saa ya chai, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekwenda.

Mkalimani hakulia. Alijaribu. Aliingia chooni, akafungua bomba ili asisikike, akasimama pale akiyatazama maji yakishuka, mpaka akaona anayamwaga bure. Akafunga, akarudi kazini.

Wiki iliyofuata wenye kiwanda walimtuma mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, asiyejua lugha yetu hata ya salamu. Waliketi wanne katika chumba cha kulia cha wafanyakazi: mkaguzi, Chapuchapu, dada na mkalimani. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kosa likiwa la kiwanda, dada angebaki na kupewa kazi ya kukaa, kukagua mashuka yaliyotoboka. Kosa likiwa lake, mwisho wa mwezi ni kwaheri.

"Haya dada, eleza," mkalimani akasema.

Dada akaeleza, mkono wenye bendeji ukiwa mapajani kama kifurushi alichoshikishwa na mtu barabarani. "Kinga ilikuwa imeondolewa. Mimi nikahamishwa, nikaharakishwa, nikaambiwa mashuka yaingie mawili kwa mpigo. Moja likakunjamana, mkono ukavutwa."

Chapuchapu akaanza kusoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai, kwa bidii, kama ana mtihani. Kwetu ndivyo anavyosema mtu mwenye adabu, kama dada alivyosema. Kumtolea mtu kidole mbele ya macho yake, "wewe ndiye", huo ni ugomvi. Unalitaja tendo, ukimya unamtafuta mwenyewe, na akipatikana hujikuna.

Lugha ya mkaguzi haina subira hiyo. Kwao tendo halitembei peke yake barabarani. Ukisema kikombe kimevunjika, wanageuza shingo kumtafuta aliyekivunja. Na hilo "nikaharakishwa", ambalo kwetu ni neno moja la kumeza mate, kwao ni msafara mzima: fulani alimfanya fulani afanye upesi. Mkalimani aliyajua yote haya kuliko mtu yeyote pale. Lakini sifa yake kwa wakubwa ilikuwa kufupisha. Mtu azungumze dakika tano, yeye atatoa sentensi moja kavu, nao watatikisa kichwa kwa shukrani. Basi akatoa moja: kinga haikuwepo, alikuwa akilisha mashuka mawili, akapeleka mkono ndani.

Mkaguzi akaandika. Kisha akanyanyua kalamu. "Nani alimwagiza afanye hivyo?"

Swali lile lilikuwa la dada. Kazi ya mkalimani ni ya daraja, na daraja halimjibu mpitaji. Ila Chapuchapu ndiye aliyemtoa kwenye masufuria ya watu na kumpa kiti cha kukalia. Na sasa alikuwa ameiacha pakiti ya majani, anamtazama. Wala moyo wake mkalimani haukudunda. Kinywa kilijifungukia tu, kama mlango wa duka asubuhi.

"Hakumtaja mtu," akasema kwa lugha ya wageni.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Anaandika tu."

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili, kwa lugha ya wageni, na wa kuisoma alikuwa ni yeye mkalimani, nani mwingine? Alimkuta dada nyumbani kwake akianua nguo, akibana vibanio kwa meno. Akamsomea wakiwa wamesimama uani, kwa sauti yake ya kazini, safi, bila kukwama popote. Mfanyakazi aliingiza mkono mwenyewe. Alipoulizwa kuhusu maagizo, hakumtaja mtu. Ajira itakoma mwisho wa mwezi. Tunakutakia afya njema.

Dada akatoa kibanio mdomoni. "Rudia hapo kati."

Akarudia.

"Mwenyewe? Niliingiza mwenyewe? Kwani mimi ni kichaa, mdogo wangu, nipige pasi vidole?"

"Dada, ndivyo lugha yao ilivyo. Kwao lazima awepo mtendaji."

"Si alikuwepo! Alikuwa anasoma pakiti ya majani!"

Mkalimani alitaka kucheka, akaona kicheko hakiji, kama chafya iliyoghairi. Akaikunja barua mara mbili, mara nne, mpaka ikakataa kukunjika. "Neno lako moja kwao linakuwa maneno kumi," akasema. "Nikahamishwa, nikaharakishwa... ukiyafungua yote yale, kikao hakiishi leo."

"Nani alikuwa na safari?"

"Dada."

"Nauliza tu. Mimi sikuwa nayo. Mkono ulikuwa unaniuma, lakini safari sikuwa nayo." Akachukua shuka kambani, akajaribu kulikunja kama alivyokunja miaka sita, ncha kwa ncha. Ncha moja ikamponyoka ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena. Mkalimani akaishika, wakakunja pamoja, wakisogeleana na kurudi nyuma, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Na hilo swali la maagizo," dada akasema, "mbona sikulisikia?"

Mkalimani alikuwa na majibu matatu tayari, yote kwa lugha fasaha. Akachagua lile aliloona halina doa. "Alitaka jina. Na wewe jina hukulitoa. Ningelisema mimi, ningekuwa nimekutia maneno mdomoni, na mkalimani haruhusiwi. Kweli si kweli? Ulimtaja mtu?"

"Sikumtaja."

"Basi. Mimi nilisema hivyohivyo. Hukumtaja."

Dada akaliweka shuka juu ya mengine, akalisawazisha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka likakaa sawa.

"Sikumtaja kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu," akasema. "Wewe nilidhani umekaa upande wangu."